Mguu Mmoja Baridi

Kule kwetu Kuresoi, mtu akiteguka haendi hospitali kwanza, analetwa kwangu. Kukanda nilifundishwa na mama, na sifa zilinipanda kichwani, sifichi.

Siku hiyo tulikuwa tunavuna viazi. Mume wangu aliinua gunia, akaliachilia, akashika mgongo. "Nimepasuka!" alilia. Huyo ni mwanaume ambaye hata jino likimuuma hunyamaza. Mimi nikamcheka: "Si nilikwambia wewe si kijana tena?" Nikamlaza ndani. Punde akasema mguu wa kulia umekufa ganzi. Nikaushika, nikakuta ni baridi kama kiazi kilichotoka udongoni. Nikasema ni hii baridi yetu tu, imemwingia. Nikachemsha maji, nikapaka mafuta, nikakanda.

Saa kumi jirani akasimamisha pikapu mlangoni, imejaa viazi. "Mama, wacha niteremke naye Molo, daktari amwone."

"Kwani mikono yangu imekatika?" nilimfokea. Akaenda zake. Mume wangu hakusikia, maumivu yalikuwa yamemlemea.

Kesho yake asubuhi vidole vilikuwa vimegeuka bluu na havisogei. Ndipo nilipopiga mayowe, ndipo tukampeleka Nakuru.

Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu. Alinieleza polepole kwamba mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni ulikuwa umechanika kwa ndani, ukaziba njia ya damu ya kwenda mguuni. Kisha akaniuliza, "Mathe, na huo mguu mwingine ulikuwa baridi?"

"La, huo ulikuwa na joto."

Akaliandika jibu langu. Ai, nilitamani ardhi inimeze! Tangu lini baridi ya Kuresoi ikachagua mguu mmoja? Na nilikuwa nimeishika yote miwili.

Maisha yake waliyaokoa. Mguu walisema tumechelewa nao, wakaukata juu ya goti.

Wageni wakija kumjulia hali huwaambia, "Huyu mama alinikanda siku nzima bila kupumzika. Bila yeye ningekuwa kaburini." Najuta, jamani, najuta kila akisema hivyo. Jumapili iliyopita yule jirani wa pikapu alikuwepo. Aliinamia kikombe chake. Nilimwongezea chai bila kumtazama usoni, na mume wangu akaendelea kunisifu.