Asili ya Neno Mnoko, na Makande ya Shangazi

Mwaka jana nilitafuta asili ya neno mnoko, na nusura nimfungishe shangazi yangu mgahawa unaomlisha yeye na wanawe.

Nilikuwa naandika riwaya. Ndani yake yumo mtu anayewapelekea polisi habari za majirani zake, na mtaani kwake wangemwita mnoko, hilo nililijua. Sikujua neno lenyewe lilitoka wapi. Wenzangu wa kundi la waandishi, mabingwa wa kila kitu, walinijibu kwa mkato: "Ni la mtaani tu." La mtaani tu! Kana kwamba mtaa haujui kuzaa.

Nikatoka Njombe, nikashuka Makambako kwa shangazi, anayewapikia madereva karibu na maegesho ya malori. Madereva husafirisha maneno pamoja na mbao na mahindi. Nikakaa meza ya pembeni na daftari langu, nikauliza.

Wa kwanza alisema mnoko ni mtu aliyenoa ulimi. Mwenzake akamcheka. "Huyo si angeitwa mnoaji! Ni kunong'ona, ndugu yangu. Mnong'o, mnong'o, mwisho mnoko." Wa tatu, aliyekuwa akipuliza chai, alidai lilianzia bwenini, kwa kiranja aliyeandika wapiga kelele. Niliandika yote kwa furaha.

Siku ya tatu polisi walimkamata mtu pale maegeshoni akinyonya dizeli kwenye lori. Kesho yake meza za shangazi zilikuwa tupu, makande yakipoa sufuriani. Madereva walikuwa ng'ambo ya barabara, wakila kwa jirani. Mmoja akanipungia mkono, akanisalimu.

"Kamwene, afande!"

Afande! Mimi, ninayemwogopa hata mgambo wa soko!

Nikaona dawa ni ukweli. Nikavuka barabara na daftari, nikawasomea kwa sauti. Hapo ndipo ninapojikasirikia hadi leo. Mimi siandiki majina ya watu; naona ni adabu. Basi kilichosikika ni hiki: "Mrefu, sweta la kijani, lori la mbao, saa mbili asubuhi: kunoa. Mnene, kovu shavuni, anaelekea Tunduma: kunong'ona."

Mwenye kovu akaligusa kovu lake.

"Dada, hata polisi hawajawahi kuniandika vizuri hivyo."

Nikaeleza: riwaya, mhusika, asili ya neno. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutafuna polepole, wakinitazama.

"Nani atoke Njombe yote hiyo," akauliza wa sweta la kijani, "kuja kuuliza neno ambalo hata mtoto analijua?"

Nilirudi na hasira. Shangazi alinisubiri mlangoni.

"Umepata ulichokitafuta?"

"Nimepata asili tatu, shangazi, na hazipatani."

"Mimi nimepata nisichokitafuta. Lete hilo daftari."

Akasimama palipoonekana vizuri kutoka ng'ambo, akalinyanyua juu kama mchungaji anayeonyesha Biblia, akaanza kulichana, karatasi moja moja, akizisukumia kwenye kuni chini ya sufuria. Kazi ya siku tatu! Nikalia, kweli nikalia.

Madereva wakaanza kuvuka, mmoja, kisha wawili. Mwenye kovu alivuta kiti, akanusa.

"Makande ya leo yana harufu ya kesi," akasema. "Nipakulie mengi, mama."

Mimi nikapewa beseni la vyombo, na amri ya shangazi: nisimuulize mteja chochote, hata kama anahitaji chumvi.