Mama Aliyeomba Akiwa na Sare ya Kwaya

Kitenge cha kwaya cha mama kilinukia sabuni ya mche na moshi wa pasi ya makaa. Kila Jumamosi, katika nyumba yetu ya udongo kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikifua, akakianika juu ya turubai la paa, kisha akakinyoosha kwa pasi aliyoazima kwa jirani, na sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa. Ndiyo nguo pekee nzima aliyokuwa nayo. Nyingine zilibaki Kivu ya Kusini tulipokimbia, au zilikwisha kuwa viraka. Mwaka ule mgao wa mahindi ulipunguzwa, jua likachoma maharage yetu shambani, na mdogo wangu Furaha akaanza kutoka usaha machoni. Tulipotumwa hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara, mama alivaa kile kitenge. Angeingiaje Mbarara na viraka?

Hospitalini walimtibu Furaha vizuri. Walimfunga jicho moja lililokuwa baya zaidi, wakatuambia tusirudi kambini kwenye vumbi kabla hawajalipima tena, la sivyo litaharibika kabisa. Lakini mgonjwa hulishwa na watu wake, na unga tuliokuja nao uliisha upesi. Kwa hiyo mama alikuwa na njia mbili tu: aturudishe nyumbani jicho la Furaha lipotee, au atoke barabarani akaombe. Akatoka. Shida ni kwamba hakujua kuomba. Kwetu mwanamke mwenye njaa huenda kwa jirani, hulima naye tangu asubuhi, na jioni hurudi na sahani ya kitu. Kunyoosha mkono kwa mtu asiyemjua, mkono wake ulikataa. Akafanya alichokijua. Alisimama kando ya barabara na Furaha mgongoni, mimi pembeni na bakuli la plastiki, akaanza kuimba nyimbo za kwaya. Nikaitikia sauti ya pili, maana ndivyo nilivyofundishwa. Watu wa Mbarara walipita kwa adabu kabisa. Wengine waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alivua kofia, akasema "Amina," akavuka barabara. Walidhani ni mkutano wa injili.

Waliotuelewa walikuwa wabaya zaidi. Mwanamume mmoja wa viatu vinavyong'aa alinishika kidevu, akamgeukia mama. "Hawa watoto ni wako kweli, ama umekodisha?" Mama akasema ni wake. "Bwana yako iko wapi? Na nyinyi watu ya Nakivale, si munapewa chakula bure?" Mama alijibu yote, moja baada ya jingine, kama mtoto mbele ya mwalimu. Yule bwana akachukua majibu yake, akaenda zake bila kutoa hata senti. Nilikuwa na miaka minane. Mpaka leo nikikumbuka vile viatu damu inanichemka.

Aliyetuokoa ni mke wa askari kutoka kambi ya jeshi ya Makenke, mwanamke mnene, Kiswahili chake cha kijeshi kikavu kama amri. Alisikiliza ubeti mzima, mikono kiunoni. "Nyabo," akamwita mama kwa heshima ya kule, "hii ni mahubiri ama ni njaa?"

"Ni njaa, mama."

"Sasa sema njaa! Hapa watu wanangoja umalize waseme Amina!" Alicheka hadi mama naye akacheka, kisha yule mke wa askari akaweka noti kwenye bakuli. Kesho yake alirudi na viazi vitamu vya moto, na kesho yake tena, mpaka jicho la Furaha lilipopimwa tukaruhusiwa. Hakuuliza mume yuko wapi.

Lakini shemasi wa kanisa letu alikuwa amekuja mjini kununua chumvi ya ng'ombe, akakiona kile kitenge. Tuliporudi Nakivale, wazee wa kanisa walikuwa wanatungoja. Mimi nilikuwapo, hakuna aliyejali kunitoa. "Batu ba Mbarara batasema nini? Eti kwaya yetu inaombaka mu njia! Ile nguo ni ya Bwana, mama Furaha. Ulishindwa kuvaa ingine?"

"Ingine sina, muzee."

Hakuna aliyeuliza jicho la mtoto limeponaje. Wakamtenga. Kwetu aliyetengwa hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, hashiriki Meza ya Bwana, haimbi. Tangu mavuno hadi Krismasi niliketi pale kando yake, nikimtazama amefumba mdomo huku wenzake wanaimba. Ili arudishwe ilibidi asimame mbele ya watu wote aombe kanisa limsamehe. Alisimama. Watu wakapiga makofi. Nami, niliyeshiba kwa nyimbo zile, nilitamani kulirusha lile benchi dirishani.

Sasa nina mtoto wangu mwenyewe, nauza nyanya na mkaa Ruti, pembeni mwa Mbarara, kando ya barabara ya Kabale, na waombaji hawakosi. Najua wapo wanaodanganya. Yupo aliyenililia kwamba mumewe amekufa, na wiki iliyofuata nikamwona huyo marehemu anakula mandazi. Nilicheka, na siku nyingine nikampa tena, kwa sababu watoto wa marehemu nao wanakula. Nisipokuwa na kitu namwambia mtu usoni, "Leo sina, dada," basi. Kinachonitia wazimu ni wateja wanaosimama mezani kwangu wakibonyeza nyanya huku wakimhoji mwenye njaa kama polisi.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele yetu, akanyoosha mkono. Nikaingiza wangu mfukoni, mama akanishika.

"Usimupatie. Atazoea."

"Wewe ulizoea, mama?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi nilitubu," akasema.

Nilimpa yule mwanamke pesa, bila swali. Mama akageukia barabara. Furaha anaona vizuri, hata uzi huuingiza kwenye sindano bila kukunja uso. Kuomba kule ni jambo kubwa kuliko yote mama yangu aliyofanya duniani, na kuna watu waliomfundisha aliite dhambi. Sijawasamehe, na sina mpango.