Vidoa Vilivyogeuka Buluu

Kanze Tsuma, mzaliwa wa Samburu kule Kinango, alifanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na mmoja. Hoteli ilipofungwa, akapata kazi ya kuosha vyombo katika maabara ndogo ya utafiti wa malaria huko Msambweni. Kutwa alikuwa na sahani za kioo, za kuchemshwa kwa mvuke, za kusuguliwa, za kuanikwa. Hakuna aliyemweleza ni za nini, naye si mtu wa kukaa na swali moyoni. Siku ya nne alimwuliza Cynthia, fundi wa maabara.

Cynthia akamweleza. Daktari Swabir, mkuu wao, alikuwa ametengeneza kimeng'enya chake mwenyewe cha kunakili DNA ya vimelea vya malaria. Kikikosea hata herufi moja, daktari huenda akadhani kimelea kimebadilika na kuzoea dawa, kumbe kosa ni la nakala. Kwa hivyo kilikuwa kikipimwa. Kilipewa kinakili jeni inayowapa bakteria rangi ya buluu, kisha nakala zikatiwa ndani ya bakteria, na bakteria wakaachwa waote juu ya sahani, vidoa vidoa. Nakala ikiwa sawa, kidoa ni cha buluu. Ikiwa na kosa lililoiharibu jeni, ni cheupe.

"Basi mwahesabu makosa kwa macho?" Kanze akauliza.

"Kwa macho, mama. Maelfu."

Tangu hapo Kanze hakuosha sahani bila kwanza kuigeuza kwenye mwanga.

Jumatatu moja Swabir alitoka chumba cha kuhesabia kanyong'onyea. Vidoa vyeupe vilikuwa sitini na vinne, vingi mno. Kazi ya miezi kumi na minne. Alimwambia Cynthia akitupe kimeng'enya friji itakaposafishwa wiki hiyo, na sahani zirudishwe kwenye baridi hadi zamu ya kuoshwa.

Alhamisi Kanze akazitoa. Kila kidoa cheupe, Swabir alikuwa amekizungushia wino mwekundu chini ya sahani. Kanze akaitazama ya kwanza: ndani ya duara jekundu kulikuwa na kidoa cha buluu. Ya pili vilevile. Akazibeba zote dirishani, akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akabisha mlango kwa kiwiko.

"Shikamoo, mama," Swabir akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, Daktari. Samahani, vile vyeupe vyako havipo."

"Havipo vipi?"

"Vimekuwa buluu. Vilivyobaki vyeupe ni kumi na tisa."

Swabir aliinuka polepole, akamfuata dirishani. Aligeuza sahani moja, akageuza nyingine, akaketi juu ya ndoo.

"Rangi ilikuwa haijakolea," akasema. "Nilihesabu mapema. Nilikuwa na pupa."

"Na kile kimeng'enya, kimeshatupwa?"

Wakatazamana, kisha wakatoka mbio wote wawili. Walimkuta Cynthia mbele ya friji iliyo wazi, boksi la kimeng'enya li mkononi, pipa la taka miguuni.

Wakaanza upya kwa sahani mpya, pamoja na nyingine za kimeng'enya wanachoagiza ng'ambo. Safari hii zilikaa baridini siku mbili nzima ili rangi ikolee. Watatu hao wakahesabu kila mtu peke yake, majina ya sahani yakiwa yamefunikwa kwa makaratasi. Makaratasi yalipofunuliwa, cha ng'ambo kilikuwa na vyeupe ishirini na vinne kwa wote. Cha Swabir, yeye na Kanze waliandika ishirini na kimoja, Cynthia ishirini na viwili.

"Nitarudia," Cynthia akasema huku akicheka.

Swabir alishindwa kukaa. Alizunguka meza, akapiga hesabu ubaoni, akaifuta, akaipiga tena, na jibu likawa lilelile: chake hakikosei zaidi ya cha ng'ambo. Kisha akamkabidhi Kanze kalamu ya wino mwekundu na kumwomba ahesabu naye kila wiki.

Jioni Kanze alimpigia dada yake Kahaso, akazungumza juu ya bakteria mpaka salio likakatika, na Kahaso alikuwa hajapata hata nafasi ya kuitikia salamu.