Mwaka Mama Alipochumbiwa

Nikiukumbuka mwaka ule, kumbukumbu huanza na usingizi wa mchana. Jumapili, baada ya kanisa na ugali, nyumba nzima ililala. Upepo ulipanda kutoka ziwani, ukapita juu ya mawe na mabati ya Buswelu, ukaja kulivimbisha pazia la sebuleni kwetu, nami nilijilaza sakafuni chini ya pazia hilo, macho nusu, nikiamini kwamba nyumba inapumua. Ziwa lenyewe tuliliona kwa mbali tu, mstari mwembamba wa rangi ya bati jipya. Mengi ya wakati ule siwezi kuapa kama niliyaona au niliyaota. Ila fundi wa makochi alikuwa wa kweli.

Tuliishi katika kijiji cha watoto, nyumba kadhaa zilizouzunguka uwanja mmoja wa vumbi, kila nyumba na mama yake. Kwetu tulikuwa wanane. Mimi na mdogo wangu tulitokea upande wa Mara, baada ya mama yetu mzazi kufariki. Wengine walitoka Sengerema na Ukerewe, na mmoja aliokotwa akiwa mchanga, hakuna aliyejua kwao. Mama wa nyumba yetu alikuwa Msukuma wa Misungwi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyetuamsha kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwao, hata kabla jogoo hajajipanga. Hakuwa amemzaa hata mmoja wetu, na hakupenda kukumbushwa. Mgeni akiuliza kama sote ni wake, alijibu, "Sasa wewe ulidhani ni wa nani?"

Kochi letu tuliliua wenyewe kwa kulirukia. Ofisi ya kijiji ikamleta fundi kutoka Igoma, mgane mmoja mpole, mnene kidogo, nyusi zimejaa unga wa sponji. Akabadilisha sponji, akalivalisha kitambaa cha maua, akaondoka. Jumapili iliyofuata akarudi kuangalia kama miguu ya kochi imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa. Jumapili nyingine akaja kuangalia mishono, na safari hiyo alikuja na sato wawili kwenye mfuko. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa sekondari na mdomo mrefu kuliko umri wake, akatunong'oneza jikoni, "Kochi letu sasa linahudhuria kliniki."

Nilimpenda yule fundi, sitaficha. Shikamoo zetu nane alizipokea moja moja, kila moja na marahaba yake, bila kuzikusanya kama watu wazima wengine wavivu. Mama naye alibadilika. Sauti ya ng'ombe ikashuka, akawa anacheka akiwa amegeukia ukutani, na chai ya fundi ikawekwa tangawizi ambayo sisi tulikuwa tunaambiwa imekwisha. Mchana, chini ya pazia langu, nikaanza kumwota. Katika ndoto alikuwa nyuma ya nyumba akituchongea vitanda, kimoja kwa kila mtoto, na maranda yalikuwa yakianguka taratibu, meupe, mpaka yakafunika uwanja wote. Niliamka nikiwa na harufu ya mbao puani.

Binti wa nyumba ya jirani ndiye aliyenizindua. Tulikuwa bombani, ndoo zetu kwenye foleni.

"Na wenu anaondoka," akasema.

"Anakwenda wapi?"

"Anaolewa. Mama wa nyumba akiolewa haruhusiwi kubaki, mnaletewa mwingine. Wa kwetu naye alianza hivyohivyo, kuletewa samaki."

Nilijua anasema kweli, maana nilikuwa nimeona yaliyotokea nyumbani kwao. Walilia kwa juma zima, halafu wakanyamaza, na kunyamaza kwao kuliniogopesha zaidi ya kilio. Nilikuwa nimekwisha kumzika mama mmoja. Sikuwa na nguvu ya kumsindikiza wa pili, hata kama angesindikizwa kwa vigelegele. Tangu siku ile nikawa nampenda fundi na kumwogopa kwa moyo uleule, na sato wake wakawa wananikwama kooni, ingawa niliwala.

Kisha fundi akamwalika mama kwenda kutembea mwaloni, kule ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Mama akatoka chumbani na kitenge chake kipya, akatutazama tulivyojipanga ukutani, akasema, "Mbona hamjavaa viatu?"

"Wote?" fundi akauliza.

"Wote," mama akajibu.

Ziwa likiwa karibu ni kitu kingine kabisa. Lile nililozoea kuliona kama uzi lilifunguka mbele yetu mpaka likaungana na mbingu, na kule katikati wingu la wadudu lilikuwa limesimama juu ya maji, jeusi, likiyumba polepole kama moshi wa jiko la mtu tusiyemwona. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wakimetameta kiasi kwamba ardhi ilionekana kuwa maji na maji kuwa ardhi. Mama alitukataza kuvuka vifundo vya miguu, kwa sababu ya kichocho. Tukasimama pale kandokando, wanane, kama korongo.

Yeye na fundi wakaenda kukaa juu ya jiwe, mbali kidogo. Upepo ulichukua maneno yao ukayapeleka upande mwingine. Niliona midomo tu. Nikaomba Mungu asimchukue. Halafu nikaona nimeomba vibaya, nikaomba tena kwamba fundi ampende, ampende sana, ila amwache palepale alipo. Sikujua kama maombi ya namna hiyo yanapokelewa.

Waliposhuka, fundi alitununulia mahindi ya kuchoma, akampapasa mdogo wangu kichwani, akapanda bodaboda kurudi Igoma. Hakuja Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Mama alipika, alifua, alitugombeza, sauti ya ng'ombe ikarudi, nasi tukaendelea kukua chini yake. Nilifurahi mno. Lakini siku moja nilimkuta amekaa peke yake mchana, mikono mapajani, akiutazama ule mstari wa ziwa, na hakusikia nilipoingia.

Sasa amestaafu. Anaishi Misungwi, kwenye nyumba aliyoijenga kidogokidogo, na sisi wanane tunapishana mlangoni kwake, wengine na wake zao, wengine na watoto wa mgongoni. Kiangazi kilichopita nilikwenda kumsaidia kukata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani. Tulikaa barazani, jua limetulia, visu vyetu vikienda bila haraka, na swali ambalo nilikuwa nalo tangu utoto likanitoka lenyewe.

"Mama, yule fundi ulimkataa kwa ajili yetu?"

"Sikumkataa." Akachagua kiazi kingine. "Nilimwambia akinioa mimi, anaoa na wanangu wanane. Akacheka. Alidhani namtania."

"Lakini ofisi wasingekuruhusu kuondoka na sisi."

"Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuwauliza."

Nikaacha kukata. Sikuwahi kuwaza kwamba alikwenda kuuliza. Kwamba kuna asubuhi alivaa vizuri, akavuka uwanja ule wa vumbi, akasimama mbele ya meza ya mtu kutuomba.

"Sasa ulimwambia ya nini?"

"Nilitaka kuona kama angekubali," akasema. "Angekubali, ningerudi nyumbani nalia. Alipocheka, nilirudi nikawapikia."