Firigisi ya Siku ya Slabu

Sisi tuliokulia Amalemba, mtaa wa Kakamega, miaka ile ya tisini tulikuwa na starehe moja ya Jumamosi ambayo mtoto wa leo akiisikia atacheka. Tulikuwa tukienda mjini kuhesabu orofa. Tunasimama ng'ambo ya barabara, shingo nyuma, mdomo wazi, tunahesabu moja, mbili, tatu, halafu zinaisha. Kakamega ilikuwa mji wa mabati, na mtu aliyewahi kupanda ngazi hadi orofa ya tatu aliringa nayo wiki nzima. Nairobi tuliijua kwa kalenda iliyotundikwa ukutani kwetu, yenye picha ya maghorofa yaliyobanana. Mwaka wake ulikuwa umekwisha kitambo, lakini Mama hakuthubutu kuitoa kwa sababu tungelia.

Kwa kutazama kalenda hiyo tulijenga Nairobi yetu nyuma ya nyumba. Udongo mwekundu, vigunzi vya mahindi kuwa nguzo, visanduku vya kiberiti kuwa madirisha. Mvua ya saa tisa ikija inafagia benki na hoteli zote, na kesho yake tunaanza upya bila kinyongo. Wanangu siku hizi wanajenga miji kwenye simu, na mvua haiwafikii. Ila chaji ikiisha, utadhani wamefiwa.

Nilikuwa darasa la nne wakati tajiri mmoja alipoanza kujenga jumba la orofa sita katikati ya mji. Orofa sita, na lifti! Rafiki yangu aliapa kwamba lifti ikipanda, tumbo lako linabaki chini na unalikuta wakati wa kushuka. Tuliamini. Uwanja ukazungushiwa mabati, miti ya mikaratusi ikasimamishwa kuwa jukwaa la mafundi, na mlio wa mashine ya kuchanganya zege ukawa ndio saa yetu. Harufu ya simiti mbichi naikumbuka mpaka leo, naipenda kuliko manukato.

Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na lango la uwanja huo. Wapishi walikuwa wanne pale, na wanaume wa mjengo walikula popote alipokula nyapara wao, Mzee Makokha. Huyu alikuwa mtu wa Butere, mfupi, mwenye sauti nene na mikono migumu ya fundi mawe. Akihama kibanda, watu sitini wanahama naye. Kwa bahati alikuwa amependa maharagwe ya Mama. Dada yangu mkubwa alikuwa ndio ameingia sekondari, na bila wale watu sitini asingemaliza hata muhula mmoja. Mama hakutuficha. Kila akichambua maharagwe alisema, "Siku Mzee Makokha atakasirika, dada yenu anarudi kulima."

Ikafika siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya orofa ya pili. Aliyekulia karibu na mjengo anajua siku hiyo haina mzaha. Zege likianza kumwagwa halikatizwi zaidi ya dakika chache za kula, maana likikauka nusu nusu slabu inapata ufa. Tena kwetu mvua haiombi ruhusa, kufikia saa tisa mawingu yameshatoka upande wa msitu wa Buyangu. Siku kama hiyo mwenye jengo hulisha watu wote. Mama akapewa upishi: nyama ya ng'ombe na obusuma, yaani ugali, kwa watu wote, na kwa meza ya wakubwa kuku mmoja. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nami nilikuwepo, nimevaa gauni langu la kanisani kwa heshima ya slabu.

Sasa, kwetu kuku hagawanywi hivi hivi. Firigisi, tunayoiita imondo, ni ya mwenye heshima kubwa kuliko wote mezani, na ni ya mwanamume. Kukhu, yaani nyanya yangu, alipika kuku kila sikukuu na akafa bila kuwaonja, maana wanawake wa enzi yake hawakuruhusiwa. Saa saba Mama akanipa sahani iliyofunikwa, akasema, "Hii upelekee mkubwa wa mjengo. Usichezecheze njiani."

Mkubwa wa mjengo nilikuwa nimejionea mwenyewe tangu asubuhi. Alikuwa Injinia Wanza, dada mmoja kutoka Ukambani aliyevaa suruali na kofia ngumu ya manjano, penseli sikioni. Akiinua mkono mashine inanyamaza, akiushusha makarai ya zege yanaanza tena kupita mkono kwa mkono. Hata Mzee Makokha alimwitikia "ndio, madam". Mimi nilikuwa sijawahi kuona mwanamke akinyamazisha wanaume sitini. Wakubwa walipoketi kula, nikapiga goti, nikaweka sahani mbele yake.

Naye, kwa kuwa hakuzijua mila zetu, akafunua, akaiona firigisi imekaa juu, akaitia mdomoni.

Mzee Makokha alitazama mdomo ule ukitafuna. Halafu akavuta beseni la maji, akanawa mikono kama mtu aliyekwisha kula, kabla hajala hata tonge moja. Mafundi wawili waliokuwa naye mezani nao wakanawa. Kwenye mbao walikoketi wengine, watu wakaanza kuweka sahani chini mmoja mmoja. Injinia akauliza kuna shida gani, na hakuna aliyejibu, kwa sababu mtu mzima kulalamikia chakula ni aibu. Zege lilikuwa limefika nusu ya slabu. Kule Buyangu kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.

Mimi nilielewa kosa langu nilipouona uso wa Mama: mkubwa aliyemtaja alikuwa Mzee Makokha. Nilimwona dada yangu tayari ameshika jembe. Nililia kimya kimya nikiwa nimeuma ukosi wa gauni, na sijawahi tena kuogopa vile mbele ya kuku.

Mama akafuta mikono, akaenda akasimama mbele ya Mzee. "Mzee, huyu mtoto alienda na macho yake. Usimhesabie. Niko na jogoo nyumbani. Jioni utakula, wewe peke yako."

Mzee Makokha akaangalia mbali. "Mimi nimejenganga tangu wakati wa mzungu," akasema. "Sijawahi kuona hii maneno." Kisha, bila kugeuka, "Hiyo jogoo iko rangi gani?"

"Nyekundu."

"Ile kubwa unasemanga inasumbua watu asubuhi?"

"Hiyo hiyo, Mzee."

Akavaa kofia yake. "Haya, twendeni. Zege haingoji mtu."

Uwanja mzima ukainuka. Wengine walikimbia na nyama mkononi. Injinia Wanza, aliyekuwa ameshanong'onezewa habari na fundi mmoja, alishika karai naye kwa aibu, akasimama kwenye mstari kati ya wanaume. Walimaliza kusawazisha kona ya mwisho, wakatandaza nailoni, na tone la kwanza likaanguka. Nilishangilia kuliko mwenye jengo.

Jioni Mzee Makokha alikula imondo ya jogoo wetu polepole mno, huku Injinia ameketi mbele yake kama mwanafunzi. Alipomaliza akamwambia Mama, "Jumatatu maharagwe iwe na nyanya kidogo." Hivyo ndivyo tulivyojua tumesamehewa. Dada yangu alisoma mpaka kidato cha nne. Sisi wengine tulichelewa shule mwezi mzima, kwa sababu aliyekuwa akituamsha alikuwa ameliwa.

Leo mimi nafanya kazi Nairobi yenyewe, orofa ya kumi na tisa, kwenye mtaa wa maghorofa ya vioo yanayoota kila mwaka. Vijana wa ofisini hawajui hata jina la jengo la pili. Chakula chao huletwa kwa pikipiki, kuku hana firigisi wala shingo, na kila mtu anakula akiangalia kioo cha simu yake. Hakuna anayenawa kwa hasira. Wakati mwingine natamani anawe mmoja.

Mwaka jana Mama alinitembelea. Alipanda lifti ameshika mkono wangu, tumbo lake likafika salama. Nikampeleka dirishani nimwonyeshe jiji lote, nikamtajia benki hii na kampuni ile, nikijisikia mtu. Alitazama kwa muda mrefu, maghorofa yote yale, moja baada ya jingine.

"Ni mingi," akasema. Kisha akauliza, "Waliojenga hizi zote, nani alikuwa anawapikianga?"

Nimekaa mtaa ule miaka kumi na miwili, na sikuwa na jina hata moja la kumpa.