Mtungi wa Sabili wa Mzee Awadh

Wanaosema Bi Kuluthum ana kiburi hawamjui. Mimi na yeye tumepakana ukuta miaka ishirini hapa Changamwe, na nawaambia wazi: hana kiburi, ila haki yake haachi. Hata marehemu mumewe, akimuona amefunga kanga kiunoni, alikuwa akijitokea nje.

Babake, mzee Awadh, alikuwa fundi katika ile nyumba ya pampu za maji iliyogeuzwa makumbusho. Langoni aliweka mtungi wa sabili, na kata juu yake, mpita njia yeyote anywe. Alipokuwa akifa alimuusia bintiye jambo moja tu: mtungi usikauke, ili thawabu zimfuate kaburini.

Pampu ziliposimama, Kuluthum akauendeleza mlangoni kwake. Kisha makumbusho wakamwajiri kufagia, na mkuu wao, Zuhair, akamwomba ule mtungi. Akautoa kwa furaha, maskini, akidhani unarudi langoni. Jumatatu akaukuta ndani ya kabati la kioo, mkavu, na kikaratasi: "Usiguse."

"Mwanangu, humu ndani babangu anapata nini?" akamuuliza Zuhair.

"Anakumbukwa, Bi Kuluthum. Nje utavunjika."

"Na uvunjike watu wakinywa!"

Wallahi nilikuwepo, nimewapelekea maandazi. Akachukua ufunguo anaofungulia kabati kupangusa vumbi, akautoa mtungi, akaubeba hadi langoni akaujaza maji ya akiba, ndoo nzima aliyotoka nayo kwake. Mifereji ya mtaa mzima ilikuwa haijatoa tone tangu Ijumaa, na jua lile la saa saba mnalijua. Watu wakaanza kusimama.

Zuhair akamwamuru Munga, bawabu, aurudishe ndani, la sivyo yeye na Bi Kuluthum wote hawana kazi. Munga alikuwa ameshashika kata. Akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Mungu amrehemu mzee Awadh," akasema, na waliokuwa nyuma yake wakaitikia amina.

Nilifurahi mimi, acha! Zuhair jasho linamtiririka, hajui aushike mtungi au aende zake.

"Kazi yako chukua," Bi Kuluthum akamwambia, akamtilia ufunguo mkononi. "Kwenye kioo tia picha. Mtungi huu haurudi."

Kisha akajaza kata, akamnyooshea.

"Kunywa, mwanangu. Na wewe umuongezee babangu thawabu."

Akanywa. Angefanyaje, na kiu ile?