Kola ya Venanti

Pale kijiweni karibu na stendi ya Kibondo, Venanti anajulikana kwa vitu viwili: koti lake na shingo yake. Koti ni la kijani, zito, lina manyoya ndani, na analivaa kinyume kama bodaboda wote wa huku, mgongo wa koti kifuani, zipu nyuma. Baridi ya asubuhi ya Kibondo haina adabu, inaingia kifuani bila kupiga hodi, na zipu haijawahi kuizuia.

Shingo ndiyo yenye maneno. Mwaka jana alikuwa anatoka Kitahana na gunia la maharage nyuma, tairi la mbele likaingia kwenye korongo lililochimbwa na mvua ya usiku, gunia likabaki, yeye akapita juu ya usukani akatua kwa kichwa. Hospitali wakamvalisha ile kola laini nyeupe wakamlaza chali. Mke wake, Generosa, akawa anamlisha uji kwa kijiko na kumgeuza taratibu kama anageuza chapati, na muda wote huo hakulia wala hakulalamika. Siku ya kutoka ndipo alipofungua mdomo.

"Baba Kasian, boda utaendesha, ndiyo tunakula. Lakini yale mambo yenu ya kuruka vilima, siku ukipanda tena, mimi na mtoto tunarudi kwetu."

Na Generosa si mtu wa kusema kitu mara mbili.

Sasa kuruka vilima ndiyo ugonjwa wa Venanti. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, shirika moja lilipiga mnada vitu vyake, na Lukmani mwenye duka la spea akanunua pikipiki moja ndefu, ya njia mbovu, ina miguu kama ya korongo. Vijana kadhaa waliijaribu, lakini aliyeiweza ni Venanti peke yake. Wengine ilikuwa inawapeleka inakotaka. Yeye alikuwa akifika kileleni anaiachia, inapaa, inatua, anaendelea na safari kana kwamba barabara ndiyo ilivyo. Tangu aumie, pikipiki ilikaa dukani kwa Lukmani imefunikwa turubai, na Venanti kila akipita kununua spea alikuwa anaiangalia kwa jicho la pembeni.

Basi vijana wa Kasulu wakatengeneza njia mlimani nje ya mji wao, wakatangaza mashindano Jumapili. Wiki hiyohiyo Lukmani alikuwa anasafisha stoo, akafungua boksi lililokuja na ile pikipiki. Ndani kulikuwa na helmeti yenye kidevu kirefu, na chini yake kitu ambacho hakuna aliyekijua. Duara la plastiki gumu, lina sponji ndani, linafunguka ubavuni. Upande mmoja lina kipande kifupi, upande mwingine ulimi mrefu unaoning'inia.

Alikileta kijiweni.

"Kiti cha choo hicho," akasema Saady, ambaye hana utani mdogo.

"Kiti cha choo kina ulimi?"

"Cha wazungu. Huwajui wazungu wewe."

"Ni kola ya shingo, nyie," Lukmani akasema. "Wanavaa wale wa kuruka. Kichwa kikirudi nyuma, helmeti inagonga hapa, shingo inabaki salama. Nimewaona kwenye simu."

Venanti hakucheka. Alikishika, akakigeuza, akakibonyeza. Moyoni alikuwa ameshafika Kasulu.

"Huu ulimi unakaa wapi?"

Lukmani akatoa simu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, picha ikafunguka nusu: jamaa ameinama juu ya pikipiki, amepigwa picha kwa mbele, na kifuani kweli kuna kitu kinaonekana.

"Mbele. Si unaona? Kifuani hapo."

"Na koti?"

"Linabaki. Koti linakinga upepo, hiki kinakinga shingo. Vyote mbele."

Kijiwe kizima kikakubali. Wangebishaje? Mtu ambaye kila asubuhi anafungwa zipu mgongoni, ukimwambia upande mrefu uje mbele, anaona umesema jambo la kawaida kabisa. Walikipachika juu ya koti, ulimi ukalala kifuani, Saady akafunga vifungo.

"Unafanana na bwana harusi," akasema.

Jioni ile wakaenda kwenye machimbo ya moramu, njia ya Kitahana. Generosa hakuambiwa. Venanti alijipa hesabu yake mwenyewe: nikishaona kinafanya kazi, ndiyo nitampelekea, aone, akubali. Alipanda mlima vizuri, pikipiki inaunguruma kama haijawahi kulala. Alipofika juu akataka kuangalia chini aone pa kutua. Kichwa hakikushuka. Kidevu cha helmeti kilikuwa kimekaa juu ya ule ulimi kama mlango uliofungwa kwa ndani. Alichokiona ni mawingu na vichwa vya mikaratusi. Akatua kwa kukisia, akakisia vibaya. Pikipiki ikaenda kwake, yeye akaingia kwenye muhogo wa watu, na kichwa kikarudi nyuma hadi kilipotaka, maana huko nyuma kile kipande kifupi kilikuwa kimepanda juu ya ukosi wa koti, hakijakamata chochote. Pale pa mwaka jana pakawaka moto.

"Venanti! Venanti we!" Lukmani anakuja mbio, ndala moja imebaki njiani.

"Nipo."

"Sogeza miguu!"

"Nimeshasogeza. Kabla hujaanza kupiga kelele."

Lakini hakuinuka haraka. Alilala akiangalia juu, akisikiliza vidole vyake kimojakimoja, na kitu alichokiona mbele ya macho kilikuwa kijiko cha uji.

Nyumbani alificha vitu kwenye mfuko wa salfeti, akaiweka bandani kwa mbuzi. Huko ndiko alikokosea mara ya pili, kwa sababu mbuzi ni wa Generosa. Asubuhi alipokuwa anapiga mswaki, mke wake akatoka bandani ameshika kola mkono mmoja, helmeti mkono mwingine.

"Mwakeye, Baba Kasian," akamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye."

"Hiki umemletea yule mbuzi mwizi?"

Mbuzi wao mmoja alikuwa na tabia ya kupenya kwenye shamba la jirani, wakamfunga vijiti vitatu shingoni, vya pembetatu, asipite kwenye uzio. Ukiviweka pamoja, kweli vinafanana. Venanti alitema povu.

"Ni cha kukinga shingo."

"Na huu udongo mdomoni mwa helmeti?"

Hapo hapakuwa na pa kupita. Akasema yote: Kasulu, Jumapili, machimbo, muhogo. Generosa alisikiliza amesimama. Venanti alikuwa anaangalia uso wa mke wake, na macho yakamkimbilia kwenye begi la safari la Generosa lililokuwa linaonekana mlangoni, limening'inia kwenye msumari.

"Vaa," Generosa akasema.

"Nini?"

"Vaa nione. Kama ulivyovaa jana."

Akavaa koti, kinyume. Juu yake kola, ulimi mbele. Helmeti. Generosa akamzunguka. Akaingiza mkono nyuma, kati ya helmeti na kola, ukapita wote mpaka kifundo.

"Mwaka jana uliumia wapi? Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Na huu mrefu uko wapi?"

"Mbele."

"Kwa nini?"

Venanti akafikiri. Alifikiri kweli, mpaka mbuzi wakaanza kulia njaa. "Kwa sababu ya koti," akasema mwishowe, na alipojisikia akilisema, akaona aibu inampanda chini ya helmeti.

Generosa alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Kijiwe kizima?"

"Ego, ndiyo. Kijiwe kizima."

"Na Lukmani na simu yake?"

"Yeye ndiye alianza."

Alipomaliza kucheka, uso wake haukuwa na mzaha tena. Alimvua koti mwenyewe, akamwacha na shati, akageuza kola, ulimi ukalala sawa kwenye uti wa mgongo, kile kifupi kikakaa kifuani. Kikapwaya mabegani, kilitengenezewa mtu mpana. Generosa akaingia ndani, akatoka na sponji la mto na kipande cha kitenge cha njano, akashona vijimto viwili, akavipachika. Akafunga vifungo, akavuta mpaka Venanti akaguna.

"Angalia chini."

Akaangalia. Aliona vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Kulia. Kushoto." Akageuka, bila shida. "Sasa simama imara."

Akaweka viganja viwili kwenye paji la helmeti, akasukuma. Kichwa kikaenda nyuma kidogo, ko, kikakaa. Akasukuma tena. Ko. Akasukuma kwa nguvu zote za mtu anayetwanga, miguu ameipanua, meno ameuma, na Venanti akaona machozi yale ambayo hayakutoka hospitali sasa yanatoka, na mikono haijaacha kusukuma. Alisimama tu asukumwe.

"Inauma?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Mama Kasian, haiumi."

Akashusha mikono. "Sijakubali," akasema. "Nimesema tu mlivaa vibaya." Akaenda kuwapa mbuzi majani.

Siku zilizofuata hakuna aliyegusia habari ile, na begi halikutoka kwenye msumari. Jumapili, Lukmani alikuja na Fuso alfajiri, akashuka kumwita Venanti, na aliporudi akamkuta Generosa ameshapanda mbele kwa dereva, amejitanda khanga, mtoto amemwacha kwa bibi yake.

"Shemeji! Na wewe unaruka?"

"Wewe ulionyesha picha upande gani? Panda nyuma huko."

Kasulu kulikuwa na baridi na watu. Waendeshaji wote walikuwa na makoti yao kinyume. Venanti peke yake yupo na shati, anatetemeka, kitenge cha njano kinachungulia mabegani. Generosa akamfunga pale pale mbele ya kamba ya watazamaji. Akamwambia asimame imara, akampiga viganja kwenye helmeti, akasukuma. Watu wakaangua kicheko.

"Oya, anamfukuza nyumbani!"

"Mpe na la mgongo, dada!"

Generosa hakuwasikia. Ko. Mara nyingine. Ko. "Nenda," akasema.

Alienda. Mizunguko ya mwanzo alikuwa mwoga, anashika breki kileleni, wanampita. Halafu mahali fulani akaacha kushika. Mruko wa mwisho aliuruka vibaya, tairi la nyuma likatua kwenye jiwe, pikipiki ikaruka kama punda na kichwa kikatupwa nyuma, na sauti ile, ko, Generosa aliisikia toka kwenye kamba. Alishika mkono wa Lukmani mpaka Lukmani akasema aaa. Pikipiki ikayumba, ikanyooka. Venanti akamaliza wa nne.

Alipovua helmeti, jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza shingo kulia na kushoto, ili mke wake aone.

"Hicho kitenge kimeingia vumbi," Generosa akasema. "Siku nyingine uniambie mapema nikifue."

Venanti alielewa alichosikia. Akavua kola, akaanza kukung'uta vumbi kitengeni.

Wale wa Kasulu wakawa wameshakizunguka kile kitu, kila mtu anataka kukishika. Twalibu, aliyeshinda, jamaa mkubwa mwenye mabega ya mlango, ndiye aliyekitwaa. Akakipachika juu ya koti lake, ulimi mbele, akainua mikono watu wamwone.

"Kaka yangu," Generosa akasema, anakunja khanga kiunoni, "vua koti kwanza."

"Na baridi hii, dada?"

"Vua."

Twalibu akavua.